Mkono Uliomposa

Kamera aliposwa vitani. Risasi zilikuwa zinalia upande wa maghala, helikopta ilikuwa imeanguka katikati ya barabara na inawaka moto, na mvua ya gemu ile, mvua isiyojua kukatika, ilikuwa inamnyeshea mwanamume wa koti la kijivu aliyesimama juu ya paa la stesheni iliyobomoka. Mwanamume yule akaweka bunduki yake chini. Wanaocheza wanajua maana yake: ukiweka silaha chini mahali kama pale umejitoa kafara, kwani mtoto yeyote wa shule aliyeko upande wa pili wa dunia anaweza kukumaliza huku anakunywa soda. Akapiga hatua mbili. Akasimama. Akatulia kwa muda ambao mwigizaji mwingine angeuogopa, kisha akageuza kichwa polepole, kama mtu asiyetaka kukiona anachokitafuta, akapiga goti. Ndipo sauti ikaja kwenye hedifoni.

"Nataka kukuoa," ilisema. "Si kwenye filamu. Kweli."

Kamera alilia mpaka skrini ikawa ukungu mtupu. Alikubali kabla sentensi haijapoa.

Kwa asiyeijua kazi yao, ni hivi. Waliingia kwenye gemu za vita kama watu wengine wanavyoingia, ila badala ya kupigana waliigiza. Binti huyu alimwendesha mhusika ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na kutazama tu. Alichokitazama ndicho kilichorekodiwa, na jina la Kamera likamganda hadi shangazi yake akawa analitumia. Mwenzake alikuwa mtangazaji wa redio, na kwa sauti yake nzito watu walimwita Sauti. Huyo ndiye aliyekuwa mwanamume wa koti. Wahusika wa gemu ile wana nyuso za mbao. Hawakonyezi, hawatabasamu, hawadondoshi chozi. Kwa hiyo hisia zote za filamu zilikaa kwenye mwendo: mtu anavyokuja, anaposimama, anavyogeuka. Filamu zao zilikuwa fupi na za kimya, na zilioneshwa kwenye matamasha ambako watazamaji hutoka wakiwa wamenyamaza. Kila aliyeandika habari zao alitaja kitu kilekile, kule kusita kwa mwanamume wa koti kabla ya kugeuka. Kamera alipenda kule kusita kuliko alivyowahi kupenda uso wa mtu.

Baba yake, dereva wa lori mstaafu, hakuelewa hata chembe.

"Unaolewa na mtu uliyemjulia kwenye kioo?"

"Baba, najua anavyotembea."

"Hata mlevi wa mtaa huu najua anavyotembea. Sijampa binti yangu."

Walinuniana mpaka shangazi akaingilia kati, na mzee akakubali shingo upande. Kamera alikuwa amempigania mwanamume huyu kwa kucha na meno. Sasa posa ilikuwa imepokelewa na ndugu wa pande zote mbili walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya vitambaa, ambayo ni dalili kwamba ndoa ipo.

Ana kwa ana, Sauti alikuwa mtu mwingine kidogo. Alitembea hatua tatu mbele ya mwenzake. Alicheka kabla kichekesho hakijafika mwisho. Kamera aliyaona hayo na akayatafutia maelezo, kwamba wapo watu ambao huwa wenyewe pale tu wanapojificha. Mapenzi hayana kazi nyingine. Yanakupa macho ya kuona ulichokwisha kukiamua.

Jumapili hiyo alikwenda nyumbani kwa kina Sauti na kompyuta yake mgongoni. Ilibaki onyesho moja tu, la mwisho, na tamasha lilikuwa linaisubiri filamu jioni ileile. Siku zote kila mmoja alifanyia kazi kwake, na wazo la kukaa meza moja lilikuwa la Kamera. Sauti alikuwa ametoa sababu kadhaa za kulikataa: mtandao wa kwao mbovu, viti vifupi, mama ana kelele. Kamera alidhani ni aibu ya uchumba, akampenda zaidi kwa hiyo.

Sebule ilikuwa safi kupita kiasi. Kila kiti kilivaa kitambaa, na hata kompyuta ya mezani ilikuwa imefunikwa. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa muuguzi mstaafu, na alimkagua mgeni kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano.

"Kwa hiyo leo mnapiga katuni," alisema.

"Filamu, mama," Kamera alijibu.

"Haya, filamu. Binti wa mwenzangu, yule mfamasia, naye anapenda sana filamu. Ila yeye anaangalia tu, hatengenezi. Ana kazi."

"Mama," Sauti alisema.

"Nimesema nini? Nimemsifia mtoto wa watu. Au siku hizi kusifia ni dhambi?" Akaenda zake jikoni kwa mwendo wa mtu aliyefunga goli.

Walikaa bega kwa bega, kila mmoja na skrini yake. Onyesho lenyewe lilikuwa jepesi kulisimulia. Mwanamume wa koti anafika kwenye mlango wa nyumba aliyoizunguka filamu nzima. Hamna mtu, wamehama. Anasimama, anageuka, anaondoka. Basi. Hakuna hata neno moja.

"Anza," Kamera alisema.

Mwanamume wa koti alikuja mbio, akaugonga mlango kwa paji la uso, akageuka kisigino kwa kisigino kama askari wa gwaride, akaondoka.

"Samahani, kidole kimeteleza," Sauti alisema. "Tena."

Mara ya pili alisimama mbali mno. Mara ya tatu alisimama vizuri, lakini alipogeuka alizunguka mzima na kujikuta anautazama mlango uleule. Mara ya nne mpita njia fulani akatokea kichakani akampiga risasi, na wote wawili wakacheka sana. Hawakucheka pamoja tena baada ya hapo.

"Usihangaike," Kamera alisema na kumshika bega. Bega lilikuwa limelowa jasho. "Fanya kama siku ile ya paa."

"Siku ipi?"

Kamera alimtazama.

"Aa, ile," Sauti alisema haraka. "Ile ya paa. Sawa. Ni hii mausi tu, haijanizoea."

"Si ndiyo ya hapa kwenu?"

"Ndiyo ya hapa, lakini ina siku zake."

Akajaribu tena, na tena. Alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima kwa siri, na ndicho kilichotia huruma, kwani mazoezi yenyewe yalionekana: kila hatua ilikuwa imehesabiwa. Mwanamume wa koti alitembea kama mtu anayepimwa suti. Kamera alianza kuhisi kama mtu aliyepapasa mfuko wenye ufunguo akakuta kitambaa tu.

Mama aliingia na sinia la vikombe. Alisimama nyuma yao akatazama kidogo, kisha akaguna.

"Mbona unajitesa, mwanangu? Mwite Dogo. Si ndiye huwa anacheza?"

Hakuna aliyepokea kikombe.

"Huwa anacheza nini, mama?" Kamera aliuliza.

"Si hiyo filamu yenu. Huyu anaongea, mdogo wake anasogeza. Kila siku hapo mezani, wameshikana kama kurwa na doto. Nikajua ndivyo inavyofanywa." Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na alipoelewa amesema nini hakuonekana kujuta sana. "Kwani sivyo?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sauti ilikuwa imeishia hapo, mbele ya sinia la chai.

"Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Mwite," Kamera alisema.

"Nisikilize kwanza."

"Utaeleza baadaye. Mwite."

Dogo aliingia kutoka uani, ambako alikuwa na karakana yake ya baiskeli. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye grisi hadi kwenye viwiko. Kamera alikuwa amekutana naye mara kadhaa kwa salamu za mlangoni tu. Alimtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa anaitazama sakafu.

"Karibu, shemeji," Dogo alisema.

"Asante. Kaa hapa ucheze. Afike mlangoni, akute hamna mtu, aondoke."

"Kaka?"

"Kaa," Sauti alisema bila kuinua kichwa.

Dogo alikaa kwenye ncha ya kiti. Mkono wa kushoto aliuweka kwenye kibodi. Wa kulia, kwa sababu ya grisi, aliunyanyua, akaona haya, na mwisho akaigusa mausi kwa ncha za vidole viwili.

Mwanamume wa koti alikuja. Hakuja mbio wala hakuja taratibu, alikuja kama mtu anayekwenda kwao. Mbele ya mlango akasimama. Kimya kikawa kirefu. Kisha kichwa kikageuka, kidogo, kidogo, kama asiyetaka, na mwili ukakifuata kwa kuchelewa, akaondoka zake mvuani.

Kamera alikuwa amefunika mdomo. Angeujua ule mgeuko hata angeoneshwa migeuko elfu moja. Ndio aliokuwa akiusubiri kila jioni anapovua viatu vya kazini. Ndio uliomfanya amkosee adabu baba yake. Mchumba wake alikuwa hapa, mzima, anapumua, ila amekaa kwenye mwili wa shemeji yake. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, na hakuweza kuacha kuvitazama vile vidole.

"Umepata?" Dogo aliuliza.

Ndipo Kamera alipogundua kwamba hakuwa amebonyeza kurekodi. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kufanya kosa hilo.

"Tena," alisema.

"Hebu kwanza, usinichafulie vitu," mama alisema, akamtupia mwanawe kitambaa cha vyombo. Dogo akajifuta vizuri, kidole kwa kidole, akaishika mausi kwa mkono mzima, akavuta kiti mbele kama mtu aliyeaminiwa kazi, akaanza.

Mwanamume wa koti alifika, akasimama, akageuka, akaondoka. Hakukuwa na kosa, na hakukuwa na kitu kingine chochote. Angeweza kuwa mtu anayepeleka bili ya umeme.

"Tena," Kamera alisema.

Yakawa yaleyale.

"Dogo." Alivuta kiti karibu. Sauti alikuwa anawaona, na Kamera hakujali. "Unapokuwa umesimama vile, kabla ya kugeuka. Kwenye filamu zote. Huwa unawaza nini?"

"Nawaza?"

"Kuna kitu huwa unakiwaza. Niambie tu."

Dogo alijikuna shingo. Alikuwa kijana mwema, asiyejua kudanganya kwa ajili ya kumfurahisha mtu. "Shemeji, nilikuwa nakula."

"Unakula?"

"Chipsi. Kaka alikuwa ananiletea chipsi ili nikae. Sasa mkono huu uko kwenye kibodi, huu uko kwenye chipsi. Akisema geuka, lazima nijifute kwanza, maana mausi ikishika mafuta anafoka. Ndiyo maana inachelewa."

"Na ule upole? Anavyogeuza kichwa?"

"Vidole viwili." Akamwonesha, kwa adabu kabisa. "Hivi. Nisiichafue."

Kamera bado alikuwa na kipande kimoja cha kushikilia. "Na siku ile ya paa? Siku ya kupiga goti?"

Dogo alifikiri kwa bidii, akitaka kutoa jibu la kweli.

"Siku hiyo palikuwa na kuku," alisema.

Mama alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kiganja, kikapita puani. Na Sauti naye, masikini, akacheka. Alicheka kwa kupata nafuu. Dakika nzima alikuwa amekaa anamwona mchumba wake akimtazama mdogo wake kwa macho ambayo yeye hakuwahi kutazamwa nayo, na sasa imejulikana kwamba hakuna mpinzani, ni mapaja ya kuku tu.

"Kumbe ni chipsi," alisema akijifuta macho. "Umeona? Hapakuwa na kitu."

Kamera aligeuka akamtazama anavyocheka, na kitu fulani ndani yake kikafungwa komeo.

"Mama," alisema, "naomba mtupishe kidogo."

Walipobaki wawili, Sauti alijaribu kumshika mkono. Kamera akauweka mkono wake chini ya meza.

"Kwa nini?"

"Ulisema natembea kama mtu anayekimbilia choo."

"Nilisema lini?"

"Filamu ya kwanza. Ulisema, ukacheka sana. Hukumbuki kwa sababu aliyechekwa si wewe." Alipokuwa amekasirika sauti yake ilikuwa nzuri zaidi, ya kusoma taarifa ya msiba. "Nikamwomba Dogo mara moja tu, nisiharibu. Jioni ile ukanipigia simu unalia. Ukasema hujawahi kuona kitu kama kile maisha yako yote. Ningekwambia nini? Kwamba si mimi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa hujawahi kunipigia simu. Ulikuwa unaniandikia tu: njoo saa fulani, vaa koti, usiongee sana. Ile simu ilikuwa ya kwanza. Mwenye njaa akipewa sahani ya jirani kimakosa hairudishi."

"Ukanichumbia kwa mkono wa mtu mwingine."

"Maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa hapo, ubavuni kwake, natetemeka mpaka hedifoni ikanidondoka. Nataka kukuoa, nani alisema? Dogo? Kila neno ulilolisikia kwenye filamu zote ni langu. Nimekesha nikiyaandika."

"Umewahi kuziangalia filamu zenyewe? Zikishakamilika?"

"Nimeziangalia."

"Ulisikia nini?"

Sauti aliukunja waya wa hedifoni kidoleni.

"Maneno yako nilikuwa nayakata," Kamera alisema. "Yote. Kila nikikaa kuhariri, kazi ya kwanza ni hiyo. Ulidhani ni mtindo? Wanaposifia ule ukimya, wanasifia pale ulipotolewa wewe."

Alisema bila kupaza sauti. Aliona neno linavyoingia, kama kisu kinavyoingia kwenye papai, na badala ya huruma alihisi kitu kilichomtia hofu: alitaka kuona litafika wapi.

Sauti alipoongea, alikuwa amejishusha mpaka chini kabisa, mahali ambapo mwanamume akifika huwa hapendi kuonwa.

"Sawa. Basi Dogo acheze. Nitamletea chipsi maisha yake yote. Wewe pata mkono wako, upige filamu zako. Mimi niwe mume tu. Nikupikie, nikufulie, nisikae hata kwenye meza. Sitaongea. Ila usirudishe posa."

Na Mungu amsamehe, Kamera alilifikiria. Mume chumba kile, mkono chumba hiki. Aliona hata mahali pa kuweka meza. Kisha akakumbuka kwamba hata mkono wenyewe haukuwepo, ulikuwa ni mafuta ya kukaangia, na kwamba alikuwa amempenda mtu ambaye hakuzaliwa. Huwezi hata kumlilia mtu wa namna hiyo. Utawaambia watu umefiwa na nani?

Akatazama saa ukutani. Jioni ilikuwa inakuja, na tamasha halikuwa na habari na mambo yao.

"Kaa," alisema.

"Nini?"

"Tumalize onyesho. Wewe."

"Mimi? Si umeona mwenyewe?"

"Nimesema wewe."

Uso wa Sauti ulichanua. Ilikuwa kama ameambiwa ndiyo kwa mara ya pili, na safari hii kwa jina lake. Alikaa, akajipangusa viganja kwenye suruali, akashika kibodi na mausi. "Nitajitahidi," alisema. "Wallahi nitajitahidi."

Kamera alivaa hedifoni. Alimweka mhusika wake upande wa kushoto wa mlango, akapima mwanga wa ile mvua, akabonyeza kurekodi na akahakikisha mara mbili. Kisha, akiwa anaitazama skrini, akasema:

"Siku ile ya paa sikukukubali wewe. Nilimkubali yule wa koti. Wewe sijawahi kukupenda, hata siku moja. Tulipokuwa tunatoka pamoja nilikuwa nakuvumilia, nahesabu muda wa kurudi nyumbani nikakutane naye. Ukinishika mkono nilikuwa nafumba macho nijidanganye. Anza."

Kwanza hakuna kilichosogea. Mvua ilinyesha. Halafu mwanamume wa koti akaja, amepinda, akaikosa njia ya mlango, akaufikia ukuta. Sauti alikuwa haoni. Macho yalikuwa yamejaa na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mwanamume wa koti akaufuata ukuta, bega likisugua matofali, kama kipofu anayeitafuta nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akaupata mlango. Akasimama.

Sauti aliachia kila kitu, akaufunika uso. Kwenye skrini, mwanamume alisimama na mvua yake. Kusita huku hakukuwa kama kule kwa zamani. Kule kulikuwa kuzuri. Huku kulimfanya mtu atamani kutazama pembeni.

Kisha mkono mmoja ukarudi kwenye kibodi, ukabonyeza pasipopaswa, na mwanamume wa koti akaanza kuondoka kinyumenyume. Hakugeuka kabisa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, uso ukiwa bado mlangoni, akajikwaa kwenye reli ya treni iliyopita mbele ya nyumba, akaendelea, mpaka ukungu ukammeza. Hakuna mwongozaji ambaye angelibuni jambo lile. Kamera alikuwa ameacha kupumua. Mkono wake, kwa utulivu mkubwa, ulikuwa umesogeza mhusika wake hatua mbili upande, ili mlango na yule mtu vikae pamoja kwenye picha.

Ilikuwa imekwisha. Sauti alivua hedifoni. Uso wake ulikuwa umelowa, na haukuwa na aibu tena.

"Yale uliyoyasema," alisema. "Ulikuwa unasema kweli, au ulikuwa unaniongoza?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliye tayari kusamehe, akipewa upenyo hata wa uzi. Na ukweli ni kwamba Kamera mwenyewe alikuwa hajui. Nusu ilikuwa kweli, na nusu aliichagua kwa kujua itakata wapi. Na mwanamume aliyekuwa ameondoka kinyumenyume mvuani sasa hivi alikuwa ni huyu, kwa mkono wake mwenyewe, na kama kuna mtu duniani aliyestahili kupendwa kwa mwendo wake basi alikuwa amekaa hapo akisubiri jibu. Kamera alitakiwa ageuke amtazame tu. Hata kusema asingelazimika kusema.

Lakini macho yake yalikwenda kwanza kwenye pembe ya skrini, kuangalia kama rekodi imehifadhiwa.

Ilikuwa imehifadhiwa. Alipogeuka, Sauti alikuwa ameshaona alikoanzia kutazama.

"Nimejibiwa," alisema.

Akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akatoka uani. Kupitia dirishani Kamera alimsikia akimwuliza mdogo wake kama anahitaji msaada na lile gurudumu, na Dogo akamwambia shika hapa. Jikoni mama alikuwa anaosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

Kamera alibaki peke yake sebuleni. Alirudisha onyesho mwanzo, akalitazama lote. Lilikuwa bora kuliko chochote alichowahi kupiga. Machozi yalimtoka, mengi, yakaanguka kwenye kibodi, na alijua anamlilia nani, yule aliyekuwa uani ameshika gurudumu. Akayafuta kwa kiganja, akaongeza mwanga kidogo upande wa mlango, akalitazama tena.